Mfuko Namba Sitini na Moja

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi kabla ya yote. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, cherehani inazunguka. Majirani wameacha kuniletea chakula, nami nashukuru, maana ilifika mahali nakula kwa kuwaonea huruma. Miezi minane imepita tangu kaka yako atutoke, na bado asubuhi naandaa vikombe viwili. Cha pili nakirudisha kabatini polepole, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Najua utashangaa kuona barua, wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa napata pa kukimbilia. Naomba uisome mpaka mwisho. Ukikasirika katikati, kasirika, kisha endelea.

Nianze na radhi ndogo ili mdomo uzoee. Unakumbuka ule mwaka uliokuja kukaa kwetu mwezi mzima kwa ajili ya jino? Ulipoondoka nilikuta vifungo vyangu vimechanganyika. Vile vidogo vya mashati nilikuwa nimevifunga peke yake kwenye karatasi, ndani ya mfuko wa vifungo, nikakuta karatasi imefunguka na vyote vimekuwa uji mmoja. Nikakusingizia wewe. Nilimwambia kaka yako kwamba dada yake hawezi kupita mahali bila kupekua. Alicheka tu, akasema dada yake ana dhambi nyingi lakini ya vifungo hana. Mimi nilishikilia kwamba ni wewe, na nimeshikilia miaka yote hii. Nisamehe hilo. Utaona huko mbele kwa nini nimelikumbuka.

Wiki tatu zilizopita alikuja binti mmoja kutoka maktaba ya chuo. Nilidhani kaka yako ameacha kitabu chao humu ndani, nikaanza kujitetea kabla hajakaa. Akasema hapana, kazi yake ni kutunza data, yaani vipimo na hesabu za watafiti. Alinieleza taratibu, bila kunidharau. Chuo kimeamua kwamba vipimo vya utafiti visiendelee kulala kwenye droo na kompyuta za watu, ambako mtu akistaafu au akifa vinapotea pamoja naye. Vitawekwa pamoja kwenye hazina moja ya chuo, wazi, na mtu yeyote mwenye swali lake, hata awe nchi ya mbali, atavichukua avitumie, mradi ataje nani alivipima. Programu zilizokokotoa vipimo hivyo nazo zitawekwa hapo hapo. Ya kaka yako aliiandika mwenyewe, iko kwenye kompyuta aliyoiacha, na mwenye kuitolea idhini sasa ni mimi.

Wewe ulikuwa unamtania kwamba amesoma sayansi akaishia kukata majani kama mchunga ng'ombe. Ndiyo hayo hayo majani. Miaka kumi na mmoja alikata majani kwenye vishamba sitini nyuma ya maabara, akayatia ya kila kishamba kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaikausha mifuko kwenye oveni, akaipima. Programu ilitoa uzito wa mfuko ili ubaki uzito wa majani peke yake. Mifuko nilishona mimi. Idara ilitoa kitambaa cha pamba, marekani nyepesi, kwa jora, kaka yako akaisainia, mimi nikakata na kushona, kila mfuko na namba yake kwa uzi mwekundu, moja mpaka sitini. Kila mwaka mipya, maana ile ya zamani iliungua ungua ikachomwa.

Binti akawasha kompyuta, ile ambayo kaka yako alikuwa anaifunika taulo kama mtoto aliyetoka kuoga. Akasoma programu mstari kwa mstari, maana atakayeichukua kesho lazima ajue kila namba imetoka wapi. Akafika kwenye tisa nukta mbili. Pembeni kaka yako ameandika: toa mfuko wa bibie. Binti akaniuliza bibie ni nani. Nikamwambia ni huyo anayekumiminia chai. Tukacheka wote wawili. Nikamweleza kwamba ni gramu, kwamba mwaka wa kwanza alipima mifuko kumi mitupu, akapata hizo, na hakupima tena. Binti akauliza kwa nini hakupima tena kila mwaka. Nikasema kitambaa kilikuwa kile kile na mshonaji yule yule. Nilisema hivyo bila kumwangalia.

Kisha akafika kwenye ule mwaka. Wewe unaujua, ule aliofariki mama yenu. Vipimo vyote vilipanda, kana kwamba majani yamekula mbolea, na mvua yenyewe ilikuwa ya kuhesabu matone. Profesa aliyesimamia utafiti alisema mpimaji hana akili kazini, akili iko msibani kwa mama. Kaka yako akasema mizani ni sahihi. Mwaka uliofuata vikashuka mahali pake, na profesa akamwambia mbele ya wanafunzi, umeona sasa, mwaka huu umetulia. Haukupita muda akahamishiwa stoo ya vifaa. Alikaa huko miaka kumi na miwili akigawa glavu na balbu, mpaka alipougua. Hukumsamehe profesa. Siku ya mazishi alikunyooshea mkono, ukamwangalia viatu mpaka akaurudisha mfukoni. Nilikuwa pembeni yako. Niliona.

Binti alisema profesa amestaafu lakini ameulizwa, na ameagiza mwaka ule uondolewe kwenye jedwali, na kwenye faili la maelezo yaandikwe maneno matatu, kosa la mpimaji. Binti mwenyewe hakuyapenda. Akaniuliza kama marehemu aliacha maandishi yoyote. Nikamletea daftari lake la jalada la bluu. Tukakuta ukurasa wa mwaka ule. Ameandika kwamba kishamba cha kumi na mbili hakikuota hata unyasi, amekiona kwa macho yake, ametia mkono mfukoni hakukuta kitu, lakini kimepima gramu nne na nusu za majani. Mizani ameijaribu mara tatu. Mwisho ameandika: sijui, naacha hivi hivi, sifuti.

Binti akasema daftari halitoshi. Linaonyesha kwamba alishangaa, halionyeshi kwa nini. Kusipopatikana ushahidi mwingine, Ijumaa ya mwisho wa mwezi faili litawekwa wazi kama profesa alivyoagiza. Jina la kaka yako litakaa juu, mpimaji fulani, na chini yake kosa la mpimaji, na litasomwa na watu ambao hawatamjua kwa lolote lingine.

Wifi, sasa naingia.

Unakumbuka yale mashuka ya maua uliyomletea mama? Mazuri, yanang'aa. Mama alisema yanamchoma kama kikaango, na akaniapisha nisikwambie. Ngozi yake ilikuwa imeshachubuka mgongoni. Nililala naye chumba kimoja, nikawa namsikia akijisogeza atafute mahali palipopoa. Jora la marekani la idara lilikuwa limesimama nyuma ya mlango. Nikakata mashuka mawili na vitambaa vya kubadilishia, nikavifua mara nne mpaka vikalainika kama sikio. Alipolazwa juu yake alishusha pumzi, akaniambia, hapa sasa nimefika. Alifariki juu ya mashuka hayo. Na wewe ulipokuja ulisema mbele ya wote kwamba mama alilala pazuri, na wifi wa namna hii hapatikani. Niliyapokea maneno yale. Sikuweza kukwambia alilalia nini.

Jora likapungua, halikutosha tena mifuko. Nikaenda dukani kutafuta marekani ya kujazia, nikakuta ipo nzito tu. Nikanunua, nikaichemsha, nikaishonea mifuko yote sitini ili ifanane. Kaka yako aliishika akasema mbona migumu mwaka huu. Nikamwambia ni mipya, italainika. Alichukua kauli yangu akaenda nayo kazini. Aliipima mizani mara tatu, mimi hakunipima.

Usifikiri sikujua. Siku aliporudi akasimulia kishamba cha kumi na mbili, nilikuwa naanua nguo, nikaelewa pale pale, nikiwa na kibanio mdomoni. Nilijiambia nitasema tukishamaliza msiba. Kisha nikajiambia kwamba kitambaa alisainia yeye, na kitambaa cha chuo kwenda nyumbani ni wizi, watamfukuza. Hilo lilikuwa kweli kwa miezi michache. Baada ya hapo lilikuwa kisingizio. Akahamishwa stoo, nikampikia. Akaacha kusimulia ya kazini, nikamshonea shati jipya. Wewe ukamtukana profesa mezani kwangu, nikakuongezea chai. Miaka kumi na mitatu, wifi. Profesa alikosea kumdharau, hilo libaki. Lakini kosa lenyewe nililishona mimi.

Mifuko ya mwaka ule ilichomwa kama kawaida, na ya mwaka uliofuata nikaishona kwa jora jipya jepesi la idara. Ulibaki mmoja, niliomalizia kwa kipande cha mwisho cha marekani ile nzito, nikautia namba sitini na moja kwa mazoea tu ya mkono. Ndio huo ninaotilia vifungo.

Alhamisi iliyopita nilimwaga vifungo kwenye sinia, nikaukunja mfuko, nikaenda maktaba. Nilimkuta binti chumba cha nyuma chenye mashine zinazovuma, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitabadilisha. Hakunilaumu. Tulivuka uwanja mpaka maabara, kijana mmoja akatupisha kwenye mizani. Binti akauweka mfuko. Kumi na tatu nukta saba. Akaniuliza kama niliwahi kuupima mfuko huu, au kumpa mtu aupime. Nikasema kamwe, hautoki kwenye droo la cherehani.

Tukarudi kwenye meza yake. Akafungua programu ya kaka yako akashuka chini kabisa, chini ya mistari yote. Akanieleza kwamba mstari wa programu ukiwekewa alama fulani mwanzoni, kompyuta inauruka, unakuwa kama umelala. Huko chini kulikuwa na mstari mmoja umelala. Alikuwa ameuona mapema, akadhani ni jaribio lililoachwa. Mstari unasema kwa mwaka ule toa kumi na tatu nukta saba. Pembeni kaka yako ameandika: usiamshwe mpaka bibie aseme mwenyewe.

Kompyuta inaweka tarehe ya kila badiliko. Tarehe ile, wifi, ni ya mwezi ule uliokuwa kwetu na jino lako.

Alikuwa stoo wakati huo, na stoo kulikuwa na mizani za zamani. Basi alivimwaga vifungo vyangu, akaubeba mfuko, akaupima, akaurudisha, akavirudisha vifungo, na karatasi ya vile vidogo ikamshinda, maana vidole vyake unavijua. Kisha nikakusingizia wewe, naye akacheka. Miaka kumi na zaidi tumelala kitanda kimoja, kila mmoja ameibana siri ile ile upande wake. Alikuwa na jibu la kumtoa stoo, akalilaza, akanisubiri. Na mimi sikusema.

Binti alinivutia kiti. Akaniambia mstari ule ni wangu kuuamsha, akanionyesha kitufe cha kufuta. Nikafuta ile alama moja. Jedwali likajipanga upya, mwaka ule ukashuka ukakaa katikati ya wenzake, na kishamba cha kumi na mbili kikasoma sifuri. Nilikiangalia hicho tu. Nikalia kidogo, binti akajifanya anatafuta kalamu.

Faili la maelezo limeandikwa upya. Nilisema, yeye akaandika: mifuko ya mwaka huu ilishonwa kwa kitambaa kizito kuliko ya miaka mingine, mpimaji hakuambiwa, vipimo vyake ni sahihi, mshonaji amethibitisha. Mashuka sikuyataja, hayo ni ya mama na yetu sisi. Profesa alipigiwa simu akasomewa. Nimeambiwa aliomba kutumiwa nakala. Sikuomba ruhusa yako, wifi. Sahihi nimeshatia, na Ijumaa hiyo ya mwisho wa mwezi faili litawekwa wazi. Nilitaka tu ulisikie kwangu kabla mtu hajakuonyesha.

Sasa umejua. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima nitakuelewa, maana mimi nimenyamaza zaidi ya hapo. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, utalala chumba cha mama. Mashuka yale ya marekani bado ninayo. Sijawahi kuyakata.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mkubwa mwambie sare yake iko tayari, nimeacha pindo la kushushia akirefuka. Goti lako likande kwa maji ya vuguvugu, usisubiri liume.

Ni mimi wifi yako, aliyekuwa wa kaka yako,

Bibie