Utepe mwekundu kwenye shamba la wazee

Likasi, Jumatatu. Joto la kuudhi, mvua bado inakataa.

Nimekasirika mno.

Wiki tatu nimechimba nje ya Kakanda kwa kijiko na brashi, pale ambapo watu waliishi na kulima zamani sana, kabla ya migodi hii. Ndiyo kazi yangu ya kumaliza chuo. Nilipata mashimo manne ya kuhifadhia nafaka. Katika la kwanza zilionekana punje za mtama zilizoungua, nyeusi, nzima kabisa. Nilipanga kuzitoa leo, maana ndizo zingenionyesha wazee wale walilima lini.

Ijumaa, kabla ya kurudi nyumbani Kikula, nilisimamisha vijiti kuzunguka mashimo nikafunga utepe mwekundu, watu wasikanyage.

Utepe mwekundu! Kakanda!

Hata mtoto wa hapa anajua: ukiona utepe, wapimaji wa kampuni wamepita, chini kuna madini. Na mimi baba yangu alikuwa mchimbaji. Nilikuwa nafikiri nini?

Asubuhi nimekuta mahandaki yanayomeza mtu mzima. Vigae vya vyungu vimepondwa kwa sururu, mtama umepotelea kwenye malundo ya udongo. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mchimbaji mmoja, baba mwenye mvi, akanijia amenuna.

"Maman, tuliona ma-drapeau, ile utepe yako, tukasema ba-géologue ba kampuni balipata malachite, majiwe ya shaba. Kumbe hakuna kintu! Tulichoka bule."

Eti mimi ndiye niliyewasumbua! Na kibaya zaidi, ni kweli.

Nimesoma kuhusu mkulima wa Uingereza, wa zama za Warumi. Jina lake halijulikani, lakini kila mtaro wa shamba lake umepimwa na kuchorwa. Nilimwonea wivu. Nilitaka mkulima wetu naye apate ramani yake, watu waache kusema hapa palikuwa pori tupu mpaka shaba ilipoletewa mashine. Badala yake nimemwekea alama ili afukuliwe. Wale wachimbaji nimewatukana, lakini kosa ni langu, na ninajichukia kwa hilo.

Shimo la nne limepona. Siku ile utepe uliniishia kabla ya kulifikia, nikaona uvivu kurudi sokoni.

Kesho alfajiri nakwenda huko na chekeche langu kutafuta mtama. Shimo liko upande gani, siandiki hata hapa daftarini.