Ukanda wa Baba na Gurudumu la Nyuma

Taichung, Taiwan
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Yustina,

Hujambo? Na wote hapo nyumbani hawajambo? Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi ya Katesh? Mahindi yamesimama, au upepo wa mlimani umeyalaza tena? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na leo nina furaha, naandika mbio mbio, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Kabla hujaendelea, nenda kwa baba umpe shikamoo yangu. Nenda sasa hivi, barua haikimbii. Ukirudi ukae chini usome mpaka mwisho, maana haya ninayoandika yanamhusu yeye kuliko wewe.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unanikatiza! Halafu Mama Zuhura yuko Guangzhou, anafunga mzigo wa nguo za duka lake, na amekubali kunibebea kifurushi kama alivyonibebea mara ya kwanza. Basi nimeona barua isafiri pamoja na vitu vyenyewe. Kifurushi usikifungue kwanza. Nakujua wewe, tayari una kisu mkononi. Weka chini.

Simu yako ya mwisho ilininyima raha, Yustina. Uliposema baba hagusi tena spana, kwamba asubuhi anapita mbele ya banda lake la ufundi kama mtu anayepita duka la mwingine, anaelekea mnadani kutazama ng'ombe asiowanunua, niliacha chakula mezani. Mzee yule ametengeneza baiskeli pale sokoni tangu sisi hatujazaliwa. Nikalala na hilo neno, nikaamka nalo.

Na chanzo ni lile gurudumu langu. Nilitaka kufurahisha watu, nikaleta balaa. Yule mgeni wa Kizungu aliyevunjikiwa gurudumu pale Nangwa, baba akamlaza kwetu na mama akamlisha, alipoondoka akakuachia baiskeli nzima ya mlimani isipokuwa gurudumu la nyuma. Weee, ulivyopiga kelele siku ile kwenye simu! Ukasema sasa wale wasichana wa Tlawi watakuona kisogo kwenye mashindano ya kuzunguka mlima. Nikakwambia nitumie kipimo cha ile nafasi ya nyuma ya fremu, pale habu, kile kitovu cha gurudumu, inapoingia, na mimi niliye kwenye kiwanda cha magurudumu nitakosaje? Baba akapima kama anavyopima kila kitu, akakata ukanda wa ngozi sawasawa na nafasi, akampa Mama Zuhura, Mama Zuhura akauposti kutoka Guangzhou ukanifikia.

Nikaulaza ukanda kwenye rula ya chuma ya kiwandani. Milimita mia moja arobaini na mbili. Sikujiuliza mara mbili, kwa sababu hicho ni kiwango kabisa, kinajulikana dunia nzima. Ungeniletea mia moja arobaini na moja ningestuka. Huku viwango vya habu vipo vingi hadi vinachosha: kilikuwepo cha mia moja thelathini na tano, kikaja hicho cha arobaini na mbili, wakaona hakitoshi wakaja na cha arobaini na nane ili spoku zitanuke zaidi na gurudumu liwe gumu. Kila kipya wanasema ndicho cha mwisho. Mama Lin, huyu mama mtu mzima anayenifundisha kazi, husema watu wa baiskeli hawawezi kukaa bila kubadilisha kitu. Basi nikasuka gurudumu la arobaini na mbili, zuri, limenyooka, nikalituma kwa mbwembwe.

Lililofuata unalijua. Likacheza ndani ya fremu. Mkajaza vile vipete vya washa kila upande, ukapanda, ukashuka mteremko wa Nangwa, diski ikasugua breki, gurudumu likakwama na wewe ukaenda chini. Nashukuru Mungu ni kiwiko tu. Ukachukua rula, ukapima mwenyewe, ukapata mia moja arobaini na nane. Ukamwambia baba mbele ya wateja kwamba macho yake yamekwisha, asiguse tena baiskeli yako. Ulikuwa na maumivu, najua. Hata mimi nilisema moyoni, mzee amechoka. Milimita sita ni nyingi, hakuna fundi anayekosea kiasi hicho kama anaona.

Sasa sikiliza! Ukanda ule niliutundika kwenye msumari karibu na dirisha la chumba changu, kwa sababu tu umetoka nyumbani. Wiki hii imepiga tufani hapa, mvua ya kulala upande, dirisha langu bovu likaingiza maji. Nimerudi kazini nikakuta ukanda umeanguka, umelala kwenye maji sakafuni. Nikauokota. Yustina, ulikuwa laini! Ulikuwa mgumu kama kijiti, sasa unapindika, na ulikuwa unanuka ngozi mbichi, unanuka zizi letu, mpaka machozi yakanijia nikiwa nimesimama na viatu vyenye maji. Ule upande mmoja hata manyoya mekundu bado yapo. Ndipo nikakumbuka: baba hakati ukanda kwenye ngozi kavu hata siku moja. Anakata kwenye ngozi iliyotoka kuwambwa, ikiwa na maji yake, kwa sababu ndivyo alivyokata kamba za ndama tangu anachunga.

Nikaukimbiza kiwandani asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki usije ukakauka njiani. Nikaulaza kwenye rula ile ile. Mia moja arobaini na nane! Arobaini na nane kamili, labda kasoro unywele! Nilipiga yowe mpaka msimamizi akatoka ofisini akidhani nimekatwa kidole. Mama Lin akaja akapima mwenyewe, akapima tena, akauliza ni nani aliyekata hivi kwa jicho bila chombo chochote. Nikamwambia ni baba yangu. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie.

Umeelewa lakini? Mzee hakukosea. Ngozi ilisinyaa njiani. Nyumbani ukanda unakatwa asubuhi na unatumika asubuhi hiyo hiyo, ukiwa bado na maji. Nani aliwahi kuuvusha bahari? Ni sisi tu watu wa Hanang tunaoweza kufanya kosa la namna hii. Ukasinyaa, tena ukaenda kusimama juu ya kiwango kingine halali, kama umetumwa kunidanganya! Nimecheka mwenyewe chumbani kama mwehu.

Ngoja nikuambie na mengine, maana nikianza kufurahi sinyamazi. Kiwandani simu haziingii na michoro haipigwi picha, ila kantini hakuna mlango, maneno yanapita tu. Tetesi kubwa sasa ni magurudumu ya inchi thelathini na mbili. Ndiyo, thelathini na mbili, kama ya mkokoteni! Wengine wanasema yatatoka kabla hujafikiria, wengine wanasema ni maneno ya kuwauzia watu fremu upya, maana hayaingii kwenye fremu yoyote ya sasa. Mimi nikawaambia kwetu hatushangai gurudumu kubwa. Tukabishana, tukapima kwenye kitabu cha vipimo, na kumbe ringi ya ile baiskeli nyeusi ya baba, inayoitwa ishirini na nane, ni kubwa kuliko ringi yako inayoitwa ishirini na tisa! Hawakuamini macho yao. Mwambie baba hilo nalo, atalipenda. Zipo pia tetesi za gia zisizo na waya hata moja zitakazoshuka bei mpaka watu kama sisi tuzione. Hizo sijazishika, usianze kuomba.

Kuhusu fremu yako, nimeitazama picha uliyonitumia na nimeipima kwa mstari. Shingo yake, pale uma wa mbele unapoingia, imelala sana nyuma kuliko ulivyozoea, kwa hiyo gurudumu la mbele liko mbali na wewe. Usiogope. Umemwona ng'ombe anavyoteremka korongo, anatanguliza miguu ya mbele mbali ndipo anashusha mwili? Ndivyo ilivyo. Kwenye mteremko usimame juu ya pedali, kifua mbele kidogo, uiache ishuke. Tambarare utaiona nzito kukata kona, hiyo ni kawaida yake. Kupanda utashukuru, maana nguzo ya kiti imesimama wima na miguu inasukuma chini moja kwa moja. Shangazi wa Tlawi ameniandikia kwamba atawashangilia wasichana wa kwake. Mwache. Msalimie sana, umwambie nimesikia na nimeweka moyoni.

Wasalimie na wengine. Mama, umwambie koti la sufu liko kwenye mzigo wa Mama Zuhura, chini kabisa, na ni lake, si lako. Mama Zuhura umshukuru kwa mikono miwili, kabeba vyuma vyangu kati ya nguo zake bila kununa. Wateja waliokuwepo bandani siku ile uliyomsema baba wasalimie pia, na uwaeleze habari ya ukanda, wote, kwa sauti ile ile uliyotumia.

Haya, sasa fungua kifurushi. Umeona ni kidogo? Usinune. Gurudumu zima halipo humo. Kuna habu mpya ya arobaini na nane, na spoku zimefungwa kwa gazeti, na ule ukanda. Ringi ya gurudumu la kwanza ni nzima, itatumika hiyo hiyo. Mama Lin alitaka anisaidie kulisuka lote huku, lingekuja tayari, ungelifunga na kuondoka. Nikakataa. Wewe unajua breki, unajua cheni, gia unazipanga vizuri kuliko mimi. Ila kusuka ringi mpaka ikimbie bila kuyumba, Katesh nzima yupo mtu mmoja, na unapita mbele yake kila asubuhi anapoelekea mnadani. Mashindano ni baada ya mavuno. Hakuna fundi mwingine, na mimi siji.

Kwa hiyo usilete ujanja. Jaza maji kwenye beseni, utumbukize ukanda, usubiri ulainike. Umpelekee baba ukiwa unadondosha maji, umshikishe mkononi, mwende wote bandani auweke mwenyewe kwenye nafasi ya fremu. Utaenea. Akishaona umeenea usiseme maneno mengi, nawe ni mtu wa maneno mengi. Mpe shikamoo, hii sasa iwe yako. Halafu mpe spana.

Kaka yako anayekupenda,
Daudi