Dirisha la Upande wa Baba

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Mimi ni mzima, ila mafua yale yanayoletwa na vumbi la mbao, nawe unayajua.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu tulipomzika Mama, nawe ukaigawa nyumba nzima kwa siku moja, viti huku, kabati kule, sijakuandikia. Nilikuambia pale mlangoni kwamba umembomoa Mama kama jukwaa la jana. Sikuja kuyarudia hayo. Nakuandikia kwa sababu ya kazi.

Nimepewa jukwaa langu la kwanza kulibuni mwenyewe. Ni la wanafunzi wa chuo kikuu: ukumbi mdogo, viti vya plastiki, na bajeti ya misumari na dua. Mchezo unahusu familia moja, jioni ambayo mtoto wao anaondoka. Mwongozaji, kijana mwenye ndevu tatu, ameniambia anataka sebule ya watu wanaopendana ila hawaambiani. Nikacheka. Nikamjibu kwamba naijua, nimekulia humo.

Lakini nyumba yetu sasa ni maegesho ya magari, na kila nikikaa nichore, sebule inanijia vipande vipande. Naomba unieleze ilivyokuwa. Kila kitu na mahali pake, kama ulivyokuwa ukiwaeleza mafundi wako.

Mwanao,
Gundi


15 Machi

Kwa Gundi,

Marahaba, mwanangu. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kifua hakijambo. Hayo mafua, funga kitambaa puani unapopiga msasa. Nilikuambia hivyo tangu ulipokuwa unalamba gundi ya unga kwenye sufuria yangu ya kazini, ukajipatia jina.

Nimefungua shajara zangu zote nikidhani nitaikuta sebule humo. Hamna. Kuna mvua, mbao, nani alichelewa mazoezi, na rangi iliyokataa kukauka. Sebule sikuiandika hata siku moja. Nani anaandika habari za mahali anapokaa kila siku? Basi nimefumba macho.

Kiti changu kiliegemea ukuta wa nyuma. Mkono wangu wa kulia, karibu kabisa, dirisha lenye vioo vinne. Kimoja kilikuwa kipande cha ubao nilichokipaka rangi ya mbingu baada ya wewe kukivunja kioo kwa mpira, wageni hawakugundua. Mkono wa kushoto, mlango wa jikoni uliokuwa ukijifungua wenyewe. Mbele yangu, upande wa pili wa mkeka, kiti cha mama yako. Kuta zilikuwa rangi ya maziwa yaliyoingia chai, na ufa mmoja kutoka dirishani hadi darini. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi kazini nilijenga ukuta kila mwezi na ufa nikauchora kwa brashi, kwa hiyo ule wa nyumbani niliuacha. Angalau ulikuwa wa kweli.

Mama yako alikuwa akinishonea turubai za jukwaa pale pale kitini kwake, mbali na dirisha, mpaka mshono unakwenda kombo kama njia ya ng'ombe. Kila jioni namwambia, "Sogea huku kwenye mwanga, Mama Gundi." Ananijibu, "Naona vizuri hapa hapa." Mbishi yule!

Baba yako


22 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, kitambaa kimesaidia. Nashukuru kusikia kifua hakijambo.

Kile kioo cha ubao kimenichekesha hadi nikalia. Nimekwisha kukitengeneza kingine kama kile. Ila dirisha umelikosea. Lilikuwa kushoto. Shingo yangu ndiyo shahidi: nimekaa chini, kati ya magoti ya Mama, ananisuka, na kila nikigeuza kichwa kushoto kuchungulia nje ananigonga kwa kitana. "Tulia, wewe!" Mlango wa jikoni ulikuwa kulia. Kushoto, Baba. Au uzee umeanza kukugeuzia mandhari?

Tunaonyesha jioni tatu mwishoni mwa Aprili, halafu tunabomoa. Njoo. Nitakupokea stendi.

Mwanao,
Gundi


2 Aprili

Kwa Gundi,

Marahaba. Huku salama, mvua tu.

Dirisha lilikuwa kulia. Nilikaa kwenye kiti kile tangu hujazaliwa. Uzee wangu uko gotini, haujapanda kichwani.

Kuja sitaweza. Basi lile viti vyake vilitengenezewa watu wasio na miguu. Tena tangu mama yako aondoke sijaingia ukumbi wowote. Taa zikizimwa nasikia mkasi wake nyuma ya pazia.

Na lile neno lako la mlangoni bado ninalo. Jibu lake ni hili. Sisi mafundi wa jukwaa tunajua namna moja tu ya kuagana na chumba: haraka, kabla hakijaanza kukutazama.

Kuta zako za turubai zishikwe kwa mihimili nyuma. Si kwa kamba za viatu, nawajua wanafunzi.

Baba yako


12 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole kwa goti. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi, nusura nishuke na kopo la rangi kichwani.

Sikiliza nilivyofanya. Ulinifundisha kwamba jukwaani, kulia ni kwa yule anayesimama jukwaani akiwatazama watu, si kwa mtazamaji. Basi nilisimama nyuma kabisa, nilipoweka kiti chako, nikavitazama viti vya watu, nikaagiza dirisha liwekwe mkono wangu wa kulia. Kama ulivyosema. Kiti cha Mama nikakiweka mbele, kinawapa watazamaji mgongo.

Mwongozaji akapiga kelele: "Dada, watu watoke majumbani kwao waje kutazama kisogo?"

"Nipe siku moja," nikamwambia.

Taa zilipowashwa nikashuka, nikakaa safu ya mbele, nyuma ya kile kiti. Yeye naye akaja akakaa. Hakutaja tena kisogo.

Sitakuambia nilichokiona. Tiketi imo humu. Kiti chako ni kile kile nilichokalia. Nitakiwekea koti langu, asikikalie mtu.

Mwanao,
Gundi


30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hukujibu, nami naomba iwe ni goti tu na si jambo jingine.

Tumemaliza. Jioni ya kwanza koti langu lilikaa peke yake. Ya pili vilevile. Ya tatu pazia lilikwama, nikashinda nimening'inia kwenye kamba mchezo mzima, viti sikuviona. Nilipotoka nilikuta koti limekunjwa vizuri, mikono ndani, kama limerudi kutoka kwa dobi. Nadhani ni mfagiaji.

Kesho yake tukabomoa. Nilianza na kiti chako, kisha ukuta, nikawa naenda haraka, haraka mno, hadi wanafunzi wakaniuliza ninakimbizwa na nani. Hapo ndipo nilipokuelewa. Lile neno la mlangoni narudi kulichukua, Baba. Usiendelee kukaa nalo.

Mwanao,
Gundi


9 Mei

Kwa Gundi,

Marahaba, mwanangu. Goti limevimba, linadai nauli yake. Mengine yote salama.

Hakuwa mfagiaji. Niliingia taa zilipozimwa, nikatoka kabla hazijawaka tena, kwa kuwa uso wangu haukuwa wa kuonyesha watu. Usinikasirikie. Sikujua kama ningekuja mpaka nilipojikuta stendi.

Nilikaa pale uliponiweka. Mbele yangu kisogo cha mama mwenye kitambaa kichwani, anashona. Na juu ya bega lake, kule mwisho wa chumba, mzee mmoja nyuma ya gazeti. Dirisha lilikuwa kushoto. Ulisema kushoto, nami naandika hapa kwa mkono wangu: kwa anayekaa pale, ni kushoto. Maisha yangu yote sikuwahi kukaa pale.

Yule mzee alishusha gazeti akauliza, "Kwani hiyo chai inachumwa?" Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wote, hadi jirani yangu akageuka kunitazama. Halafu ukaleta ile taa yako ya jioni. Ikapita dirishani, ikamwangukia yule mzee uso mzima, kila kunyanzi, hata wino wa gazeti vidoleni. Mikono ya mama ilikuwa gizani. Sindano asingeweza kuiona. Naye aliinua kichwa, akatazama kule kwenye mwanga, akatulia.

Naona vizuri hapa hapa. Na mimi miaka yote nilidhani anazungumzia mshono!

Niliondoka na koti lako mikononi hadi mlangoni, nikarudi kulikunja.

Katika chumba hiki ninachopanga nina viti viwili. Kimoja kiko dirishani, ndicho nilichokuwa nikikalia. Nimehamia cha pili, ukutani. Jana mwenye nyumba alipita akanikuta naandika barua hii pua imegusa karatasi.

"Mzee, si usogee kwenye mwanga?"

Nikamwambia hapa panatosha.

Ukipata nafasi, njoo, Gundi. Kile cha dirishani ni chako.

Baba yako