Nimepokea, Asante

Nyamagana, Mwanza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Bukoba pale Nyegezi, Kaka Deo aipokee Muleba akusomee. Nimesikia umetoka hospitali. Umeamkaje? Mguu unakanyaga? Uji unashuka? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Baba, ofisini kwetu kila jambo linapita kwenye kundi la simu. Mkuu akituma neno, anataka tujibu papo hapo: "Nimepokea, asante." Ukichelewa, jina lako linatajwa mbele ya wote. Miezi ya mwanzo simu ikilia nilikuwa naikurupukia hadi chai inamwagika. Mama Leticia, ninayekaa naye meza moja, akawa ananicheka.

"Utazoea tu, mdogo wangu. Mimi siku hizi hata isipolia nasikia inalia."

Nikazoea kweli. Mazoea yana taabu, Baba. Nilidhani hofu imeniisha, kumbe ni kidole tu kilichojifunza kujibu bila mimi.

Jumatano ile ulipoanguka kwenye migomba, Deo aliniandikia: "Baba amelazwa, anakuulizia." Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kutoa kopi. Nikajibu, "Nimepokea, asante." Sikusoma. Nikaendelea na kopi zangu.

Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba habari nzito haipokelewi kwa kusimama. Mtu anakaribishwa, anakaa, anapewa punje za kahawa atafune, ndipo anaambiwa.

Jumapili Shangazi, dada yako wa Butimba, alinikuta nje ya kanisa akauliza unaendeleaje. Nikamwambia hujambo, uko shambani. Akanitazama sana. Nikampigia Deo palepale, naye hakunificha.

"Kila jioni anauliza, Koku anasemaje? Namwambia, amepokea."

Siku nne, Baba. Nimelia mpaka Shangazi akaninyang'anya simu. Naona aibu, na sasa kila nikiishika naogopa: ni mangapi mengine nimeyajibu hivyo?

Nimeomba ruhusa ya wiki moja nije kukuona. Mkuu amejibu kwenye kundi, "Nimepokea, asante." Sijui kama amekubali, wala kama amesoma. Mama Leticia anasema nisubiri jibu la kueleweka. Sisubiri. Ijumaa nitapanda basi, kazi ikiisha na iishe.

Nisalimie Mama, najua amechoka kwa kukuuguza. Nisalimie Bibi, na wifi yangu mke wa Deo, mwambie asinichukie. Deo mwenyewe nitamwomba radhi uso kwa uso.

Baba, kama moyo wako umekataa kuniona, sitabisha. Ila usimwambie Deo aniandikie kwenye simu. Mtume mtu aje, anikalishe chini, aniambie kwa mdomo. Kwenye simu nitajibu kabla sijasoma.

Mwanao,
Kokushubira