Vumbi la Yadi na Wiston Wetu

Kitongoji cha Yadini,
Kasulo, Ngara.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Bonaventura,

Shikamoo. Unaendeleaje huko misheni, na goti lako linasemaje na baridi ya Mbinga? Huku tu wazima. Mume wangu Pancras anapumua vizuri, watoto wanakwenda shule, na maharage tuliyopanda kule bondeni yameota. Mungu akulinde wewe na mabruda wenzako wote.

Barua yako niliipata kwa mkono wa katekista. Nimeisoma mara nyingi. Unasema nimsamehe Wiston kwa sababu ni damu yetu, mtoto wa marehemu mama mdogo, na titi la mama yetu alilinyonya kama sisi. Unasema ulimwona makaburini analia hadi akashikwa mabega. Ni kweli alilia. Lakini wewe ulirudi Mbinga baada ya matanga, kaka, na yaliyofuata hukuyaona. Sikiliza kwanza, ndipo uniandikie tena habari ya msamaha.

Unaijua bandari kavu iliyojengwa nyuma ya nyumba zetu, ile yadi ambako malori kutoka Dar hushusha mizigo ya kwenda Burundi na Rwanda. Mwaka huu walianza kumwaga klinka, yale mawe ya kusagwa kuwa saruji. Humwagwa chini, peupe, na upepo huleta unga wake wote kwetu. Mboga tunaosha mara mbili na bado meno yanasaga mchanga. Mama alianza kukohoa kabla ya Pasaka, na hakupona.

Wakaja wataalamu wa mazingira kupima hewa. Aliyewaongoza ni dada mmoja anaitwa Joyness, mpole, hana makuu. Alitundika kijisanduku cheupe ukutani kwa mama, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na uzio. Kazi ya kijisanduku hicho ni kunusa vumbi mchana na usiku. Mama akafurahi, akasema sasa ana mgeni asiyekula.

Wiston ndiye aliyekuwa msimamizi wa kushusha mizigo. Alikuwa akija kwa mama karibu kila siku, anakaa, anapewa uji. Tulisema ana moyo.

Majibu yalipotoka, kijisanduku kilionyesha hewa safi kabisa. Mkutanoni, mbele ya mtendaji na mabosi wa yadi, Wiston akasimama na shati lake la kazi akasema, "Hawa mama zetu wanapikia kuni. Moshi wa jikoni ndio unaowakohoza, si klinka. Hata mama aliyenilea nimemwona kwa macho yangu, kichwa chote kimo ndani ya moshi." Mama alikuwa pale pale kwenye benchi, ameziba mdomo kwa khanga. Kabla mahindi hayajavunwa tukamzika.

Baada ya wewe kuondoka, jirani yetu Jovitha alinijia, akafunga mlango, akaniambia alichokiona. Kila malori ya klinka yalipoingia, Wiston alikuja kwa mama na mfuko wa plastiki, akakivika kile kijisanduku, akaufunga kwa kamba. Malori yakiondoka, anaufungua. Uji alikuwa anakunywa akisubiri.

Kaka, sikulia. Nilihisi kitu kama jiwe kinakaa kifuani, kikanipa nguvu.

Nilimpigia simu Joyness. Alisema hata yeye alikuwa na mashaka, kwa sababu kuna saa vipimo vilinyooka kama kamba, kana kwamba upepo umekufa. Akarudi na kijisanduku kipya, akakipandisha juu ya nguzo, ndani ya wavu wenye kufuli. Nami nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wanawake jambo moja: kwa muda wote wa kupima, asiwashe mtu moto katika mstari wetu wa nyumba. Tulikwenda kupika kule bondeni, upande ambao upepo hauleti moshi kwetu, tukarudi na masufuria vichwani. Pancras alinung'unika kwa ugali wa baridi. Nikamwambia, "Kula. Huu ni ugali wa mama."

Wiston alipita, akatazama mapaa yasiyo na moshi. "Dada, siku hizi mnakula nini?"

"Tunakula tulichopika mbali."

Alielewa. Nilimwona anavyoelewa, na nilifurahi. Akaleta gari la maji kunyunyiza yadi, lakini malori yalikuwa mengi na jua kali. Vumbi likapanda kama kawaida yake.

Mkutano wa pili ulijaa. Joyness alieleza kwamba vumbi lilipanda kila lori lilipomwaga, na likashuka lori lilipoondoka. Nikasimama. "Wiston, huo ni moshi wa jiko la nani?" Akatazama viatu vyake. Jovitha naye akasimama akasema habari ya mfuko wa plastiki, na watu wakaanza kuguna. Mabosi wake walimwachia palepale kama mtu aachiavyo kaa la moto. Wilaya imepiga marufuku kumwaga klinka mpaka lijengwe banda la kufunika. Yeye amefukuzwa, na njiani watoto wanamwita Mfuko.

Wiki iliyopita alikuja kwangu. Amekonda. Alipiga magoti uani akauliza jambo moja tu: "Dada, mama alikufa akijua?"

Alijua, kaka. Alimwona kupitia dirisha tangu siku ya kwanza. Jovitha alipotaka kupiga kelele, mama alimshika mkono akamwambia, "Mwache mwana wanje, mwanangu huyo, watamfukuza kazi. Mimi nimeshamsamehe." Jovitha aliniambia hayo mimi peke yangu.

Neno hilo Wiston angelipata, angelala usingizi. Nilimtazama pale chini, nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikumpa, na sitampa. Mama alisamehe vya kwake. Mapafu yake yalikuwa pia ya kwangu.

Sasa nawe unalijua. Ukiona wewe kama bruda huwezi kukaa nalo, kalamu unayo, na anwani yake unaijua. Lakini usiniombe mimi.

Pancras anakusalimu sana, na Jovitha, na shangazi Petronila wa Nyantakara ambaye sasa anatembea bila fimbo. Msalimie padri mkuu. Mungu akuzidishie afya, na jua la Mbinga lilifikie hilo goti.

Mimi mdogo wako akupendaye, hata kwa moyo huu,
Restituta