Siku Eike Alipofagia Ngazi

Bremen, Jumapili

Dada Antje,

Huko Kourou kwenye kituo cha kurushia roketi mnaungua na jua; sisi hapa ni mvua na kabichi tu. Baba sasa hajambo. Sikutaka kukutia hofu, lakini tangu roketi yetu kubwa istaafishwe alikuwa anashinda dirishani kama mfiwa. Si unajua ameunga matangi yake tangu tuko wadogo.

Jana Eike wa karakana yetu katimiza miaka thelathini bila mke. Basi kama ilivyo desturi hapa kwetu kwa kapera wa umri huo, tukamwaga vifuniko vya chupa kwenye ngazi za kanisa kuu, afagie mpaka msichana ambusu. Baba tulimburuta. Wasichana watatu walijitokeza, Eike akawakwepa. "Bado nafagia!" anasema, huku ananitazama mimi. Nikaganda chini ya ngazi.

Baba akapaza sauti: "We Wiebke! Roketi yetu imerusha chombo kwenda sayari ya Mshtarii, wewe ngazi hizi zinakushinda?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaanza kupanda, Baba akaanza kuhesabu: "Kumi! Tisa! Nane!" Karakana nzima ikaitikia, kama siku za kurusha roketi. Kwenye mbili nikateleza, puu!

"Simamisheni hesabu!" Baba akaja mbio kuninyanyua, anacheka mpaka machozi. "Haya, yuko salama. Tuendelee. Mbili!"

Kwenye sifuri nilikuwa nimeshafika, na Eike kaacha ufagio.

Eike anakusalimu sana. Baba yuko jikoni anapiga pasi koti lake la kazini. Kesho anataka kwenda kuiona roketi mpya, eti ahakikishe hawa vijana wanajua kukaza boliti.

Mdogo wako mwenye goti lililochubuka,
Wiebke