Bei ya Mgeni

Jumatano, 5 Agosti. Pearland, karibu na Houston

Wiki ya pili kwa binti yangu Jackie. Nimeshazoea. Nje joto la tanuri, ndani baridi ya friji. Natembea na sweta mkononi kama mwanafunzi wa bweni.

Jioni amerudi kutoka zamu ya hospitali na habari mbaya, akaitoa polepole, kinesi, kama anayempa mgonjwa matokeo. Ile bustani ya bembea kubwa karibu na Dallas, tuliyopanga kumpeleka mjukuu wangu Whitney kabla shule hazijafunguliwa, imepandisha tiketi tena. Na siyo kwa wote! Mwenye kitambulisho cha hapa ana bei yake. Aliyetoka ng'ambo ana yake — karibu mara mbili.

"Kwa hivyo mimi sasa ndiye mzungu?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilijua anakumbuka nini. Nilimpeleka Nakuru kuona flamingo akiwa darasa la tatu. Mbele yetu wazee wawili wa Ulaya wakilipa bei ya wageni, jasho linawatoka. Nilimwambia, hao wanazo, wacha walipe.

Leo nimefikiwa. Sawa tu! Mimi nauza misumari na mabati Keroka. Bei kupanda hainitishi.

Alhamisi, 6 Agosti

Jackie sasa anasema hataingia. Eti anaogopa urefu. Atatungoja nje, mimi na Whitney tufurahie. Aogope urefu! Mtoto aliyepanda tangi la maji la shule mpaka mwalimu mkuu akanifuata dukani!

Nikasema basi nitajilipia. Nusura anifokee: mimi ni mgeni wake, sitoi hata senti. Mogaka, mume wake, akakodolea sahani macho. Mwerevu huyo.

Kwa hivyo si urefu. Ni tiketi yangu inayomfungia nje. Anafanya zamu juu ya zamu na bado anapima kila kitu. Na huko nyumbani tunamwita Jackie wa Amerika, harambee haianzi kabla hajapigiwa simu.

Ijumaa, 7 Agosti. DeSoto

Tuko kwa Clothilde, karibu na Dallas. Yeye na Jackie walitunza wazee pamoja zamani, kabla Jackie hajamaliza unesi. Mkongo wa Bukavu, kicheko chake unakisikia ukiwa bado barabarani. Mogaka amebaki, ana kazi wikendi hii. Jackie ame-drive peke yake kutoka Houston, Whitney amelala njia nzima.

Clothilde alitupikia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Nimekula mpaka nikalegeza sketi. Kisha akatoa kadi yake ya mwaka ya kuingilia bustanini. Mama, kamata karte yangu, akasema, ingia nayo. Kwa wale wa pale getini sisi wote tuko sura moja!

Nikaangalia picha. Clothilde ni mdogo wangu kwa miaka mingi. Nimeshukuru kwa sifa! Lakini nikairudisha mezani. Ubalozini nilihojiwa kama Nyaboke, viza nikapewa kama Nyaboke. Sitapanda bembea nikiwa Clothilde.

Clothilde alicheka. Jackie hakucheka.

Jumamosi, 8 Agosti. Bustanini, bado nje

Naandika nikiwa kwenye foleni, daftari juu ya mkoba. Jua hili, jameni!

Imekuwa hivi. Tulipofika getini Jackie alitangulia. Akaonyesha tiketi ya Whitney kwenye simu — hiyo alishainunua — halafu akampa kijana wa geti kadi. Ya Clothilde! Kumbe aliibeba. Kijana, Mark, jina liko kifuani, akaangalia picha, akaniangalia, akatabasamu meno yote: karibu tena, Clothilde! Kweli hakuona tofauti. Kizuizi kikafunguka. Hatua moja tu niwe ndani.

"I am not Clothilde," nikasema. Kwa sauti ya dukani.

Whitney akajifunika uso. Mark hakufoka, maskini. Akarudisha kadi, akatuonyesha dirisha la wageni wa ng'ambo.

"Mum, umeniaibisha!" Jackie akasema. "Nilitaka siku moja tu. Siku moja usione vile naishi!"

Akashika njia ya kwenda kwenye gari. Whitney katikati, mara anitazame, mara amtazame mamake. "Grandma, is she mad?" Nikamwambia amfuate. Akamfuata mbio.

Mimi nikaja huku. Sikumkimbilia. Ningemkimbilia angeomba msamaha, na sitaki msamaha wake, nataka aingie.

Foleni ina Wahindi, Wamexico, na babu mmoja Mjerumani mwenye kofia ya ukili. Wote tunajipepea na ramani za bustani, wote tunanung'unikia bei, kila mtu kwa lugha yake. Tunaelewana vizuri sana.

Dola nilizokuja nazo za kununulia duka mashine ya kuchomelea ziko hapa mkobani. Wateja wa Keroka watangoja. Nitalipa yangu na ya Jackie, hata kama atakaa na tiketi yake kwenye gari mpaka jioni.

Wamerudi!

Jackie amesimama nyuma yangu. Macho mekundu. Whitney amemshika kidole. Najifanya naandika — na kweli naandika.

Ameuliza: ile kubwa, ya kugeuza watu vichwa chini, utapanda na nani?

Na wewe, nimesema. Ama bado unaogopa urefu?

Amechekea puani, kidogo. Whitney anaruka ruka.

Mjerumani ametoka. Ni zamu yetu. Mama wa dirishani anauliza wangapi. Wawili, amesema Jackie, kabla sijafungua mdomo. Ameweka kadi yake ya benki kaunta. Mimi nimeweka dola zangu juu yake. Amezisukuma. Nimezirudisha. Mama wa watu anatuangalia, mkono hewani, hajui achukue za nani.